Sanduku la Mlango Mmoja

Ungeuliza mtu mpole ni nani katika Kituo cha Kinga, ungeonyeshwa Sefania Mrutu kabla hujamaliza swali. Alikuwa mwimba besi wa kwaya, mtu ambaye hata kuku wa sikukuu alimwachia jirani amchinje, yeye akajifanya yuko nyuma ya nyumba anatafuta kuni. Basi mtu huyuhuyu, saa ya chakula cha mchana, mbele ya wafanyakazi wote na sufuria la makande, alimrukia shemeji yake Kalebi mgongoni akamng'ata sikio mpaka meno yakakutana.

Ugomvi haukuwepo. Walikuwa wamekaa benchi moja kama kawaida yao, Kalebi akimtania mwenzake kwamba tangu amwoe dada wa Kalebi amenenepa mpaka mbao zinalalamika. Sefania alikuwa anacheka. Kijiko kikamtoka mkononi, kicheko kikakatika katikati, na kilichofuata kilikuwa damu kwenye makande.

Kalebi alikuwa na kifua cha mbeba magunia. Angetaka, angemrusha Sefania dirishani kwa mkono mmoja. Lakini hakumgusa. Alitambaa chini ya meza, akajisukuma hadi kwenye kona ya ukuta, akajikunja na kuganda huku macho yametoka. Sefania akamfuata hukohuko. Alijilaza chali mbele yake, akakunja magoti hadi kifuani, akaanza kumpiga mateke kwa miguu yote miwili pamoja, na wapishi waliokuwa karibu walisikia mbavu zikivunjika. Mmoja alimpiga Sefania mwiko wa kichwa. Hata hakugeuka.

Dk. Nakijwa Mshana, daktari wa wanyama wa kituo, alifika mlangoni na kuona ile miguu miwili ikienda pamoja. Aliitazama kwa muda wa pumzi moja, kisha akampa kisogo mtu anayeuawa na kukimbilia upande wa pili wa uwanja. Wengi walimlaani siku ile. Walidhani ameogopa.

Alikuwa anakimbilia banda la sungura. Alikuta nyasi zimetapakaa na majike wengine wamejibana juu ya jukwaa, wakipiga sakafu kwa miguu ya nyuma kama wanavyofanya wanapoonyana hatari. Jike moja kubwa la kijivu, lililoitwa Bi Mkubwa, lilikuwa limeingiza nusu ya mwili ndani ya sanduku la kujifichia. Manyoya meupe yalikuwa yakitoka kwenye tundu la sanduku kwa mafungu. Mwenye manyoya hayo alikuwa ndani, na jina lake lilikuwa Tatu.

Nakijwa alimshika Bi Mkubwa ngozi ya shingo akamvuta. Jike lile lilimchana mkono kutoka kiganjani hadi kiwikoni, lakini hakuliachia.

Walimsimulia baadaye kwamba wakati huohuo, kule bwaloni, miguu ya Sefania ilianguka. Aliketi, akafuta mdomo, akaona wekundu kwenye kiganja chake. Kisha akatazama chini ya meza, akauliza kwa sauti ile yake nzito ya kanisani, "Nani amemfanya shemeji hivi?"

*

Hapo zamani za vizimba vya chuma, sungura wa maabara aliishi mahali ambapo hakuweza hata kuketi wima akatega masikio. Wakubwa wetu walisema haumii, kwa kuwa halii. Kumbe sungura ni mnyama wa kuliwa, na mnyama wa kuliwa hujifunza mapema kwamba anayeonyesha kidonda ndiye anayefuatwa. Huficha. Atatafuna nyasi huku mguu umevunjika, nawe utaandika kwamba hajambo.

Ndipo ukaja mwangwi. Punje ndogo kuliko harage hupandikizwa nyuma ya shingo ya sungura, na mtunzaji wake huvaa mkufu. Sungura akichomwa sindano, mtunzaji naye anachomwa. Akikosa nafasi ya kujinyoosha, mtunzaji anashikwa na mgongo. Akifungiwa peke yake, mtunzaji anapoteza hamu ya chakula na kulia bila sababu. Serikali ikaweka sheria kwamba hakuna sungura asiye na mtunzaji wa mkufu, na hakuna sungura wa kuishi peke yake. Watu walioshindwa kuelewa mahubiri ya miaka mingi walielewa maumivu ya mgongo, na vizimba vya chuma vikauzwa vyuma chakavu.

Pale kituoni, sungura na mtunzaji wake waliitana somo. Kwa watu wa kawaida somo ni mtu mnayechangia jina. Hawa walichangia ngozi. Sefania alikuwa somo wa Bi Mkubwa. Kalebi alikuwa somo wa Tatu.

Banda lenyewe lilikuwa kazi ya Nakijwa, na wageni walikuja kutoka mbali kulitazama. Sakafu ya majani makavu, jukwaa la kurukia, vijiti vya mpera vya kutafuna, na kila pembe sanduku la mbao la kujifichia. Masanduku hayo aliyapenda kuliko vyote. Aliyachonga kwa mkono wake, kila moja na tundu moja tu la kuingilia. Alipoulizwa kwa nini moja, alirudia maneno aliyokua nayo huko kwao milimani Upare: nyumba ya milango miwili ni nyumba ya mwizi. Wageni waliandika maneno hayo na kuona ni hekima.

Mafundi wa mwangwi waliapa kwamba mkufu hupitisha maumivu na upweke, basi. Hasira hawakuitaja. Lakini hakuna aliyekuwa amewahi kuwafuga majike watupu waliokomaa, kila mmoja akitaka banda liwe lake. Kituo kilianza kufanya hivyo baada ya homa ya damu kushika tambarare, kwa sababu kinga iliyoishinda homa ile ilipatikana kwenye damu ya majike makubwa, na katika damu ya Bi Mkubwa ilikuwa nzito kuliko ya wote. Watu walikuwa wanakufa huko chini. Kila chupa iliyoteremshwa ilirudisha watu majumbani.

*

Profesa Mbonea, mkuu wa kituo, hakuwa mtu mbaya. Hilo lisemwe mapema, maana mambo yangekuwa mepesi kama angekuwa mbaya. Alikuwa amezika ndugu wawili kwa homa ile na alikuwa hali chakula vizuri.

Walizungumza ofisini, Nakijwa mkono wake umefungwa bandeji. Walipitia kila njia. Kumtenga Bi Mkubwa walikwishajaribu: alijing'oa manyoya ya kifua, Sefania akajing'oa ndevu, na kinga ikawa nyepesi kama maji ya kuoshea mchele. Kumwondoa Tatu kusingesaidia, maana Bi Mkubwa angemchagua mwingine, na somo wa huyo mwingine angekuwa chini ya meza. Ilibaki njia moja, na ilikuwa kwenye kidole gumba cha Nakijwa, kwa sababu mikufu yote ilifunguka na kuzimika kwa alama ya kidole chake tu.

"Izime," Profesa alisema. "Ya wote. Watu wangu wapone na dawa ishuke."

Nakijwa alimkumbusha kwamba sheria inakataza. Profesa akajibu kwamba sheria iliandikwa na watu ambao hawakumwona Kalebi akitapika damu.

"Tukizima hatutajua Tatu anafanywa nini."

"Ndiyo nafuu yenyewe, Nakijwa."

Nakijwa aliinuka. Alitoka akaenda kumwona Sefania, aliyekuwa ameomba mwenyewe afungwe kamba kwenye chumba cha kuhifadhia majani. Alimkuta ameegemea marobota, macho yamevimba kwa kulia. Mkewe alikuwa mlangoni tangu asubuhi na yeye amekataa aingie.

"Nizimie, Dada," alisema. "Nikuambie kitu ambacho siwezi kumwambia mke wangu. Nilipokuwa nampiga, nilisikia raha. Nilijua ni Kalebi. Nilijua kabisa, na nikaona yule pale ndani ni wangu, hana pa kwenda."

Maneno hayo ya mwisho yalimpita Nakijwa siku ile, kama yanavyompita mtu maneno ambayo ameyasikia tangu utoto. Alichosikia ni kilio cha mtu mwema. Aliweka kidole gumba kwenye mkufu wa Sefania na mwanga wake mdogo ukazimika. Kisha akapita kwa watunzaji wengine wote, mmoja mmoja, na kwa Kalebi hospitalini akamalizia.

*

Amani ilirudi, na ilikuwa nzuri. Tusidanganyane, ilikuwa nzuri sana. Sefania alimlisha shemeji yake uji kwa kijiko mpaka Kalebi akalalamika kwamba sasa anauawa kwa njia nyingine. Watu walikula pamoja bila kutazamana mikono. Chupa za dawa ziliteremshwa tambarare kwa wingi, wagonjwa wakaamka, na kituo kikachinja mbuzi.

Kalebi aliruhusiwa kurudi akiwa na nusu ya sikio. Alimkuta Nakijwa amesimama nje ya banda, akatega lile sikio lililobaki, akacheka. Walikuwa watu wa kitongoji kimoja, na alimfahamu tangu wadogo.

"Kimya hiki, Daktari, kinanikumbusha kwenu. Mama yetu alikuwa akitupigia mfano: tazameni nyumba ya mzee Mshana, hapasikiki hata sufuria kuanguka."

Alisema kwa kumsifu. Nakijwa alitabasamu, akamshukuru. Kimya kingi kina mshindo mkuu, na yeye mshindo huo ulianza kumfikia pale aliposimama.

Aliingia bandani. Sungura walikuwa wanakula. Bi Mkubwa alikuwa juu ya jukwaa akijilamba miguu. Tatu alikuwa ndani ya sanduku lake, amekaa vizuri, pua inacheza, macho nusu wazi. Daktari yeyote angeandika hajambo, na Nakijwa alikuwa ameandika hivyo kila siku tangu mikufu izimwe.

Aliuchukua mkufu wa Kalebi kwenye msumari wa ukutani ulikotundikwa tangu uzimwe, akajivika, akaweka kidole.

Alianguka. Tumbo lilikuwa limechanwa na kushikana na kuchanwa tena. Mgongo ulikuwa unawaka kutoka shingoni hadi kiunoni, na kitu fulani kwenye mguu kilikuwa kimevunjika na kuanza kuunga vibaya. Lakini maumivu hayo hayakuwa ndiyo makubwa. Kubwa lilikuwa lile tundu. Alilala kwenye majani na kuliona kutoka ndani, mwanga wa duara, mzuri, wa pekee. Juu ya jukwaa Bi Mkubwa aliacha kujilamba, akashuka bila haraka, akaja akasimama kwenye tundu. Mwanga ukazibwa.

Basi Nakijwa hakuwa tena bandani. Alikuwa mtoto nyuma ya gunia la mahindi, na mlangoni alisimama baba yake akifungua mkanda, anafungua taratibu kwa sababu hapakuwa na haja ya haraka. Mama alikuwa kwenye kona ya mafiga. Hakupiga kelele. Hakuwahi kupiga kelele, hata ile siku mkono ulipovunjika, na kesho yake aliwaambia majirani ameteleza mtoni, nao wakampa pole na kumsifia nyumba yake tulivu. Na yale maneno, nyumba ya milango miwili ni nyumba ya mwizi, Nakijwa aliyasikia sasa kwa sauti iliyoyasema. Alikuwa ameyabeba maisha yake yote akidhani ni hekima ya wazee. Yalikuwa ya baba. Aliyasema akiwa amesimama mlangoni.

Na yeye alikuwa amechonga masanduku yale kwa mapenzi, moja baada ya jingine, akiwajengea viumbe wanyonge nyumba ya baba yake.

Walimkuta asubuhi ile akiyavunja kwa shoka, analia kwa sauti, mkufu bado shingoni. Vipande vya mbao vilikuwa vimetapakaa bandani, na Tatu alikuwa amefungwa ndani ya koti lake.

*

Alimshona Tatu, akaunga mguu, akamweka nyuma ya wavu pamoja na jike jingine pole mpaka alipopona. Maumivu yote ya kupona aliyapitisha mwilini mwake. Alichonga masanduku mapya, na safari hii kila moja lilikuwa na tundu mbele na tundu nyuma.

Profesa Mbonea aliyatazama, akasema mbao zimechongwa vizuri, lakini mikufu haitawashwa tena kituoni kwake mpaka aone kwa macho yake mtu akifukuzwa na kutoka salama. Alidhani amefunga mjadala. Nakijwa akasema mtu huyo atakuwa yeye, kwa kuwa sasa ndiye somo wa Tatu. Alichohitaji ni somo wa Bi Mkubwa, na huyo hawezi kulazimishwa.

Sefania alipoombwa aliuliza:

"Na nikikuua?"

"Utanifukuza. Mimi nitatoka."

"Na usipotoka?"

"Basi tutakuwa tumejua, na hatutawaacha tena sungura wateseke kimya."

Walifanya bwaloni, mchana, mahali palepale. Jiko la bwalo lilikuwa na mlango wa nyuma, ambao kwa miaka mingi ulizibwa na magunia ya mkaa kwa sababu hakuna aliyeuhitaji. Kalebi aliyahamisha mwenyewe. Kisha akasimama nje kwenye migomba na mbavu zake zilizofungwa, akisubiri. Nakijwa aliweka kidole kwenye mkufu wa Sefania, na kule bandani mpishi mmoja akaondoa wavu.

Bi Mkubwa hakuchelewa. Uso wa Sefania ulimpoteza mwenyewe, na benchi lilipita hewani likamkuta Nakijwa begani. Alisikia mfupa wa bega ukivunjika. Alijua mlango wa jiko uko wapi, alikuwa ameupima kwa macho asubuhi nzima, lakini miguu haikumsikiliza, kwa sababu kule bandani Tatu alifanya alichozoea. Aliingia ndani ya sanduku akaganda. Nakijwa akajikuta kwenye kona ya ukuta, amejikunja, doa la damu ya Kalebi bado likionekana kwenye saruji karibu na shavu lake.

Sefania alimfikia. Teke la kwanza lilimpata nyonga, la pili tumbo. Alimng'ata mkono alioinua kujikinga, na Nakijwa akaona machoni mwake ile raha aliyomwambia. Profesa alikuwa anapiga kelele azime, azime, lakini kidole cha kuzimia kilikuwa kwenye mkono ule ulio kinywani mwa Sefania.

Kisha Tatu akahisi hewa nyuma yake.

Nakijwa aliihisi naye, hewa baridi kisogoni, mahali ambapo siku zote palikuwa na ubao. Sungura aligeuka na kuona mwanga. Miguu ya Nakijwa ikafunguka. Alijichomoa chini ya Sefania, akaacha kipande cha nyama ya mkono wake, akapita kati ya masufuria, akatoka kwa mlango wa nyuma hadi kwenye jua na kuangukia miguuni pa Kalebi.

Sefania alimfuata hadi kizingitini. Alisimama pale, anahema, anatazama nje. Hakuna aliyemshika. Kitu kilimlegea mabegani, akageuka, akarudi jikoni, akachukua jani la kabichi kwenye beseni la mpishi na kuanza kulitafuna. Katikati ya kutafuna alijifahamu, akakaa chini sakafuni, akalia na kabichi lake mdomoni. Kule bandani Bi Mkubwa alikuwa anakula nyasi. Tatu alikuwa upande wa pili wa sanduku, mapigo yake ya moyo yanashuka, na baadaye alianza kula naye.

Profesa Mbonea alimwinamia Nakijwa kwenye migomba. Uso wake ulikuwa wa kijivu.

"Umevunjika bega. Umeliwa mkono. Hii ndiyo salama?"

"Nimeumia," Nakijwa alisema. "Lakini nimetoka."

Profesa alikaa chini kwenye majani makavu na suti yake. Akasema mikufu iwashwe. Majike waliendelea kufukuzana, ndiyo tabia yao, na siku za mwanzo watunzaji walifukuzana pia, wakipita mlango huu na kutokea ule, na wapishi walikoma kuweka masufuria njiani. Lakini hakuna aliyebanwa tena kwenye kona, na anayefukuzwa akitoka, mfukuzaji huishiwa hasira njiani. Dawa iliendelea kushuka tambarare.

*

Bega lilipoanza kushika, Nakijwa alikwenda kwao. Baba alikuwa amefariki siku nyingi, na mama alikuwa anaishi peke yake katika nyumba ileile. Alimwamkia, wakala, wakazungumza habari za mvua. Kisha akatoa msumeno na patasi kwenye mfuko, akaviweka mkekani, akasema kwamba angependa kuitoboa nyumba mlango wa pili, kama mama hana neno, ila hajui upande gani unafaa.

Mama hakumuuliza kwa nini. Aliweka kikombe chini, akainua ule mkono wake uliopinda, na kuonyesha ukutani nyuma ya mafiga. Palikuwa na mstari mwembamba wa mkaa uliochora umbo la mlango, umefifia, umepakwa chokaa juu na kuchorwa tena, na kuchorwa tena, kwa kimo cha mwanamke na mtoto aliyebebwa mgongoni.